Kuchaguliwa Si Kufika



Leo nataka kuongea na vijana wetu wanaocheza mpira wa vikapu, na zaidi nataka kuongea na wazazi wao. Kila mwaka ikifika mwezi wa sita, simu yangu hujaa video za usiku wa uteuzi wa NBA, ule wanaouita drafti. Kijana mrefu amevaa suti mpya. Jina lake linasomwa. Anasimama, anamkumbatia mamake, anavaa kofia ya timu, anapanda jukwaani kupeana mkono na mkuu wa ligi. Mama analia. Na sisi huku tunaandika "Amina" na kuisambaza video kwa kila kikundi cha WhatsApp.

Sina neno na machozi ya yule mama. Amebeba mengi kufika pale. Neno langu liko na sisi tunaotazama, kwa sababu tumeanza kuamini kwamba safari imeishia pale jukwaani. Nitasema msimamo wangu mapema ili mtu asiseme pastor alizungukazunguka: kuchaguliwa si kufika. Ule usiku kijana amepewa mbegu na jembe. Mvua bado, palizi bado, na ndege wa kula mtama bado hawajaja. Na mzazi anayempeleka mtoto Marekani akiwa na mpango mmoja tu, NBA, amempeleka bila mpango.

Nipe dakika chache nieleze. Usiruke, soma mpaka mwisho.

KWANZA, TUPIGE HESABU

Wengi wetu hatupendi hesabu kwa sababu hesabu haina shangwe. Lakini mtu akitaka kujenga hukaa chini kwanza ahesabu gharama.

Kule Marekani, daraja la juu la michezo ya vyuo lina vyuo zaidi ya 350 vyenye timu ya wanaume ya mpira wa vikapu. Ukiweka wachezaji 13 kwa kila timu, tayari una vijana zaidi ya 4,500. Wote hao walikuwa mastaa katika shule zao za upili. Wote walishangiliwa. Wote wana mama.

Drafti ina raundi mbili, na timu za NBA ni 30. Kwa hiyo nafasi ni 60, na miaka mingine hupungua kidogo timu ikiadhibiwa kwa kuvunja kanuni. Na hizo 60 si za vijana wa vyuo peke yao. Wako wanaotoka Ufaransa, Serbia, Australia na kwingineko, ambao hawakukanyaga chuo cha Marekani hata siku moja.

Sasa angalia upande wa pili, ambao hatuuangalii. Kila timu ina viti 15 vya kawaida. Mara 30, ni viti 450 dunia nzima. Viti hivyo havikai wazi vikisubiri wageni. Vimekaliwa na wanaume wazima wenye familia na mikopo ya nyumba, na hakuna anayesimama kwa hiari. Kila kijana anayeingia, kuna mtu anayetoka. Na mwaka unaofuata wanakuja wengine 60, na wa kutolewa anaweza kuwa ni yule tuliyemshangilia juzi.

Hiyo ndiyo maana ya kwanza ya kuchaguliwa. Umepewa ruhusa ya kwenda kupigania kiti. Hujakikalia.

PILI, DARASA LA MWAKA 2009

Nataka tukae hapa kidogo, kwa sababu mwaka huo mmoja unafundisha kuliko mahubiri mengi. Na una mtu wetu ndani yake.

Hasheem Thabeet ni kijana wa Dar es Salaam. Urefu wake unapita mita 2.2. Alianza mpira wa vikapu akiwa tayari ni kijana wa sekondari, akaenda Marekani, akafika Chuo Kikuu cha Connecticut. Miaka mitatu pale alikuwa ukuta. Alichaguliwa mlinzi bora wa kanda yao ya Big East mara mbili mfululizo, na mwaka 2009 timu yake ilifika nusu fainali ya mashindano ya kitaifa ya vyuo. Mwezi wa sita mwaka huo, Memphis Grizzlies walimchukua akiwa wa pili katika drafti nzima. Wa pili! Mtanzania wa kwanza kuingia NBA. Afrika Mashariki yote ilisimama.

Unajua ni nani waliochaguliwa baada yake? Wa tatu alikuwa James Harden. Wa saba alikuwa Stephen Curry.

Februari ya msimu wake wa kwanza, Thabeet alipelekwa ligi ya maendeleo, ile ambayo leo inaitwa G League. Wakati huo hakuna aliyewahi kuchaguliwa juu kiasi hicho akashushwa huko. Mwaka uliofuata aliuzwa Houston. Kisha Portland. Kisha Oklahoma City. Baada ya misimu mitano NBA ilikuwa imeisha kwake. Wastani wake wa pointi katika miaka hiyo yote ni mbili na kitu kwa mechi.

Nisikilize vizuri. Simwambii mtu amcheke. Watu wamemcheka vya kutosha, na wengi waliomcheka hawajawahi hata kufuzu timu ya kata. Yule kijana alifika mahali ambapo hakuna Mtanzania aliyekuwa amefika, akaendelea kuufanya mchezo kuwa kazi yake, akacheza hata Japani na Taiwan miaka mingi baadaye. Huyo hajaanguka. Lakini namba mbili aliyopewa usiku ule ilikuwa makadirio ya watu kuhusu kesho yake, na sisi tuliichukua kama kesho yenyewe. Makadirio yakikosea, tunamlaumu aliyekadiriwa. Je, hiyo ni haki?

Endelea na darasa lile lile. Wa kwanza kabisa alikuwa Blake Griffin. Aliumia goti kabla msimu haujaanza na hakucheza hata mechi moja ya ligi mwaka mzima. Alirudi, akawa nyota. Wa sita alikuwa Jonny Flynn wa Chuo cha Syracuse. Timu ya Minnesota ilikuwa na nafasi mbili mfululizo, ya tano na ya sita, na zote mbili ikachagua walinzi wengine, Curry akiwa bado anangoja. Flynn alicheza mwaka mmoja vizuri, akafanyiwa upasuaji wa nyonga, na baada ya misimu mitatu NBA ikawa imemwacha.

Na Curry mwenyewe? Msiniambie kwamba ilikuwa rahisi. Kifundo cha mguu kilimsumbua hivi kwamba msimu wa 2011 na 2012 alicheza mechi 26 tu. Watu walisema mifupa yake haitastahimili. Timu yake ilimvumilia, ikampa mkataba mpya. Baadaye ndipo yakaja mataji manne na tuzo mbili za mchezaji bora wa ligi. Kama angeangukia timu isiyo na subira, leo pengine tungekuwa tunamtaja pamoja na waliosahaulika.

Sasa shuka mpaka chini kabisa ya orodha ya mwaka ule. Namba 46 ni Danny Green kutoka North Carolina. Cleveland waliomchagua walimwachilia baada ya mwaka mmoja. San Antonio wakamchukua, wakamwachilia, wakamchukua tena. Alipita ligi ya maendeleo. Alipita Slovenia. Ukimtafuta leo utakuta ana mataji matatu ya NBA, na timu tatu tofauti. Namba 55 ni Patty Mills, kijana wa Australia aliyesoma chuo cha Saint Mary's, California. Alitwaa taji mwaka 2014 na akacheza zaidi ya miaka kumi. Na Wesley Matthews wa Chuo cha Marquette hakuchaguliwa kabisa usiku ule. Majina 60 yalisomwa na lake halikusomwa. Naye alidumu kwenye ligi zaidi ya miaka kumi.

Darasa moja, usiku mmoja. Wa pili alitoka mapema, wa 46 akavaa pete tatu, na aliyekosa kabisa akadumu kuliko wengi waliopanda jukwaani. Mwambie jirani yako: usihesabu mavuno siku ya kupanda.

TATU, TOFAUTI KATI YA RAUNDI YA KWANZA NA YA PILI

Hapa wazazi wengi hawajui, na mawakala wasio waaminifu wanapenda kwamba hawajui.

Ukichaguliwa raundi ya kwanza, yaani kati ya namba 1 na 30, mshahara wako umepangwa kwa ngazi, na miaka miwili ya kwanza imehakikishwa. Ukiumia, unalipwa. Mwaka wa tatu na wa nne ni hiari ya timu, si yako. Na uamuzi kuhusu mwaka wa tatu timu huufanya kabla msimu wako wa pili haujashika kasi. Maana yake ni kwamba unapimwa kwa msimu mmoja tu wa kwanza, ukiwa bado unatafuta choo kiko wapi katika uwanja wa mazoezi.

Ukichaguliwa raundi ya pili, hakuna anayelazimika kukupa chochote. Jina lako limesomwa, mamako amelia, kofia umevaa, na bado huna kazi. Wengine hupata mikataba mizuri. Wengine hupewa mkataba wa pande mbili, ambapo kijana anakuwa nusu NBA na nusu G League, na mshahara wake ni nusu ya kima cha chini cha anayeanza. Hiyo bado ni zaidi ya dola nusu milioni kwa mwaka, si haba. Lakini kila timu ina nafasi tatu tu za namna hiyo. Anayebaki G League kwa mkataba wa kawaida hupata kama dola 40,000 hivi kwa msimu. Kwetu zinaonekana kama shilingi milioni tano. Kule, ukitoa kodi ya nyumba na ya serikali na chakula, ni mshahara wa mtu anayejikaza.

Na hata wale wa mamilioni, msidanganywe na tarakimu za kwenye gazeti. Serikali kuu inachukua kodi. Majimbo mengi yanachukua, hata yale anakokwenda kucheza ugenini. Wakala anaweza kuchukua hadi asilimia 4. Kisha inakuja foleni ya jamaa. Binamu anataka biashara, mjomba anataka gari, na hata sisi kanisani tunataka paa. Nasema hivi nikiwa mchungaji: kanisa linalomsubiri kijana wa miaka 19 aje kulipa paa lake limesahau kazi yake. Kijana huyo anahitaji mtu wa kumwuliza analalaje na amekula nini, si mtu wa kumtumia namba ya paybill.

NNE, MWILI NA NAFSI

Ligi ile huanza Oktoba, na kila timu hucheza mechi 82 kabla ya mchujo. Chuoni kijana alizoea mechi 30 na kitu kwa msimu. Mwili unashtuka.

Greg Oden alikuwa wa kwanza kuchaguliwa mwaka 2007, mbele ya Kevin Durant. Kila mtu alikubaliana naye. Magoti yake hayakukubaliana. Katika maisha yake yote ya NBA alicheza mechi 105. Hakuwa mvivu, hakuwa na kiburi. Aliumia, akapona, akaumia tena. Anthony Bennett alikuwa wa kwanza mwaka 2013. Baada ya misimu minne na timu nne ikawa basi, wakati Giannis Antetokounmpo aliyechaguliwa wa 15 usiku ule ule akipanda mpaka kuwa mchezaji bora wa ligi.

Na liko jina ambalo kila kijana anayeota NBA anapaswa kulijua: Len Bias. Chuo cha Maryland, mwaka 1986. Boston Celtics, waliokuwa mabingwa, walimchagua wa pili. Siku mbili baadaye alikuwa amekufa kwa kokeini. Siku mbili, wapendwa. Kofia ya timu ilikuwa bado mpya. Sisemi hivi kumhukumu marehemu. Nasema kwa sababu usiku wa ushindi ndio usiku wa hatari. Kijana akishindwa, watu humkumbuka kwa maombi. Akishinda tunamwacha peke yake na marafiki wapya, tukidhani sasa yuko salama.

Hapa ndipo namkumbuka Daudi. Alipakwa mafuta mbele ya ndugu zake akiwa kijana mdogo. Kesho yake aliamkia wapi? Kwa kondoo. Miaka mingi ilipita kati ya mafuta na kiti cha enzi, na katikati kulikuwa na mapango, njaa na watu waliotaka kumuua. Mafuta hayakuwa ya uongo. Lakini mafuta si kiti. Drafti ni mafuta.

TANO, SHERIA ZIMEBADILIKA, NA MZAZI LAZIMA AJUE

Tangu mwaka 2006, mchezaji wa Marekani hawezi kutoka shule ya upili moja kwa moja mpaka NBA. Lazima afikishe miaka 19 na uwe umepita angalau mwaka mmoja tangu darasa lake lihitimu. Ndiyo maana wengi walikuwa wanakaa chuoni mwaka mmoja tu, kisha wanakimbilia drafti. Walikimbia kwa sababu chuoni hawakuruhusiwa kupata hata senti, huku chuo chenyewe na kocha wakivuna.

Hiyo imekwisha. Tangu Julai 2021 wachezaji wa vyuo wanaruhusiwa kulipwa kwa matangazo na matumizi ya jina lao. Na tangu Julai 2025, vyuo vyenyewe vinaweza kuwalipa moja kwa moja, kwa kiwango cha juu cha kama dola milioni 20.5 kwa chuo kwa mwaka, michezo yote pamoja. Matokeo yake? Mwaka 2021 wachezaji zaidi ya 350 walijiandikisha kuingia drafti mapema kabla ya kumaliza masomo. Mwaka 2025 walikuwa mia moja na wachache tu. Vijana wamepiga hesabu. Kwa nini uende kuwa wa 50 katika drafti, bila mkataba wa uhakika, wakati chuoni unalipwa, unasoma na unakua?

Mimi naona hilo ni jambo jema. Kwa miaka mingi niliwasikia watu wakisema fedha zitaharibu michezo ya vyuo. Labda zitaharibu mengine. Lakini zimempa kijana maskini kitu ambacho hakuwa nacho: nafasi ya kungoja. Umaskini hauna subira, wapendwa. Kijana ambaye mamake anadaiwa nyumba hawezi kungoja mwaka mwingine akomae. Atakimbilia mlango wa kwanza uliofunguka, hata kama nyuma yake kuna shimo.

Lakini sikia hii, mzazi wa Kenya. Mwanao akienda kule atakuwa na viza ya mwanafunzi. Viza hiyo ina masharti makali kuhusu kazi na malipo. Mwenzake Mmarekani wa chumba kimoja anaweza kusaini tangazo la viatu asubuhi na kulipwa jioni. Mwanao akifanya vivyo hivyo bila ushauri wa mwanasheria wa uhamiaji anaweza kupoteza viza na kila kitu. Kwa hiyo mtu akikuambia, "Mama, mtoto akifika tu anaanza kulipwa maelfu ya dola, nipe hela ya kuandaa karatasi," shika mkoba wako. Uliza maswali. Uliza ufadhili ni wa mwaka mmoja unaofanywa upya au ni wa miaka yote minne. Uliza akiumia goti nini kinatokea kwa karo yake. Uliza atasomea nini. Mtu akikasirika kwa kuulizwa, umepata jibu lako.

"PASTOR, UNATUVUNJA MOYO"

Nimeshaona hiyo ikija kwenye maoni, kwa hiyo nijibu kabla hujaiandika.

Siwavunji moyo. Mwaka 2025 nilifurahi kama ninyi wakati Khaman Maluach, mtoto aliyezaliwa Rumbek, Sudan Kusini, na kukulia Uganda kama mkimbizi, alipochaguliwa wa 10 akitoka Chuo cha Duke. Miaka michache tu kabla ya hapo hakuwa ameshika mpira wa vikapu. Alipofika Olimpiki ya Paris mwaka 2024 akiwa na timu ya Sudan Kusini, alikuwa na miaka 17. Haya mambo hutokea, na hutokea kwa watoto wa jirani zetu. Asiyeweza kufurahia hilo ana shida nyingine.

Lakini kumpenda Maluach ni kumwombea kwa ajili ya miaka ijayo, si kwa ajili ya usiku uliopita. Ni kumwacha akue polepole akihitaji kukua polepole. Ni kutomgeuza kichekesho cha mitandao akikaa benchi. Tulichomfanyia Thabeet tusimfanyie mwingine.

Mtazame pia hayati Dikembe Mutombo wa Kongo. Alikwenda Georgetown kwa ufadhili wa masomo akitaka kuwa daktari. Mpira ulimpata njiani. Alipochaguliwa wa nne mwaka 1991, alikuwa na shahada yake ya isimu na diplomasia. Alicheza misimu 18. Daktari hakuwa, lakini mwaka 2007 ilifunguliwa hospitali mjini Kinshasa yenye jina la mamake, na yeye ndiye aliyeisimamia mpaka ikasimama. Ukimwondolea mpira Mutombo, bado unabaki na mtu. Hilo ndilo ninalotaka kwa mwanao: ukimwondolea mpira, abaki mtu.

BASI TUFANYE NINI?

Kijana wangu, chukua ufadhili ukiupata. Chukua kwa mikono miwili. Lakini nenda ukijua kwamba hakika iliyo mbele yako ni shahada, na NBA ni nyongeza. Mwaka 2022 Stephen Curry, akiwa na mataji na mabilioni, alimalizia shahada yake ya Davidson aliyoiacha mwaka 2009. Yeye hakuihitaji kwa chakula. Wewe unaihitaji. Usijiandikishe kwenye drafti kwa sababu rafiki zako wamejiandikisha. Kama hakuna timu inayokuona katika raundi ya kwanza na bado una mwaka chuoni, rudi darasani.

Ukichaguliwa, usitazame namba yako, tazama unakokwenda. Kocha ni nani? Nani anacheza nafasi yako? Wana subira? Na ukikosa kuchaguliwa, lia usiku mmoja, kisha amka. Fred VanVleet wa Wichita State alikosa mwaka 2016, na mwaka 2019 alikuwa bingwa na Toronto. Ben Wallace alikosa mwaka 1996, na leo yumo katika ukumbi wa wachezaji mashuhuri wa mchezo huo. Udonis Haslem alikosa mwaka 2002, akaenda Ufaransa, akarudi akakaa Miami misimu 20.

Na NBA si mlango wa pekee. Kuna Uhispania, Uturuki, Japani, Uchina. Kuna ligi yetu ya Afrika iliyoanza Kigali mwaka 2021, na mwaka 2025 Nairobi City Thunder iliingia huko, timu ya kwanza ya Kenya. Mtu anaweza kulea familia kwa mpira huu bila kukanyaga Los Angeles hata siku moja.

Mzazi, usiuze shamba kwa ajili ya ndoto ambayo hujauliza maswali kuihusu. Na usimfanye mtoto kuwa bima yako ya uzee. Mtoto anayecheza akijua kwamba akikosa mpira wa mwisho nyumba nzima inalala njaa, huyo hachezi. Amebebeshwa mzigo.

Kanisa, tujifunze kusherehekea vitu vya kimyakimya. Tuna vijana waliokwenda Marekani kucheza, hawakuchaguliwa na mtu, wakarudi na shahada, na leo wanafundisha au wanafanya kazi benki. Hatujawahi kuwaita mbele. Hatujawahi kuwapigia makofi. Tunawauliza tu, "Na NBA iliishia wapi?" Tuache hilo swali, wapendwa. Linaumiza. Muulize, "Umekuja na nini, na tukusaidie vipi?"

Jina likisomwa, tushangilie. Lisiposomwa, tumkumbatie vile vile. Kijana ni yule yule.

Kama una mtoto au ndugu aliye katika safari hii, andika jina lake la kwanza tu hapo chini, na Ijumaa kwenye maombi ya usiku tutamtaja. Na kama unamjua mzazi ambaye ameanza kuombwa pesa za "kuandaa karatasi za mchezaji", mtumie ujumbe huu leo, usingoje kesho.

Mbarikiwe, na muwe na wiki njema.

Mchungaji wenu.